Ghuba Yenye Adabu

Wanjala wa ofisini alinipigia simu saa tatu asubuhi, nikiwa nimepiga magoti kwenye mwani nahesabu kome waliokufa, akaniambia kwa furaha kabisa kwamba Msemaji wangu ametoa majibu mazuri miezi thelathini na sita mfululizo.

"Majibu gani mazuri?" nikamuuliza.

"Si yale ya kila mwezi, dada Mboni? Nimeyapanga yote kwa ajili ya kikao cha kesho. Hali ya ghuba: nzuri. Nzuri, nzuri, nzuri, mwezi mmoja hivi njema. Hakuna hata moja mbaya. Hongera bana, umelea."

Nilikaa chini palepale, maji yakaniingia suruali. Mwanzo nilidhani ananitania, maana Wanjala ni mtu wa Bungoma na utani wake hauna saa. Lakini nilisikia karatasi zikipekuliwa, na Wanjala akishapekua karatasi huwa hatanii.

"Na yale yanayofuata baada ya nzuri?"

"Yapi?"

"Ila, Wanjala. Ila! Anasema nzuri, halafu anasema ila. Nimekutumia kurasa na kurasa."

Karatasi zikapekuliwa tena. Visubi wa Uskoti, ambao ni wadogo kuliko chembe ya iliki na wana roho mbaya kuliko chui, walipata nafasi ya kuniingia masikioni.

"Mfumo unachukua neno la kwanza," akasema hatimaye. "Neno la hali. Yale mengine yanahifadhiwa kama mazungumzo. Hayasomwi na mtu."

"Hata wewe?"

"Dada, niko na Wasemaji arobaini na mmoja."

Nilikata simu kabla sijamtukana mtoto wa watu. Kisha nikarudisha fremu yangu ya chuma juu ya mwamba nikamalizia kuhesabu, kwa sababu kazi ni kazi. Ndani ya fremu mlikuwa na kome mia. Sitini na wawili walikuwa wameachama, watupu, mchanga mdomoni.

*

Loch Fasaig ni ghuba nyembamba, bahari iliyojipenyeza maili saba kati ya milima miwili. Haina mji. Ina nyumba kumi na nne, kanisa moja, jumba la mikutano lenye bati linalovuja, na barabara inayokatika kila mvua ikinyesha, yaani kila siku. Milimani kuna vichaka vinavyochanua zambarau mwezi wa nane, na swala wekundu wasioogopa mtu. Asubuhi tai wa bahari hukaa juu ya mti mkavu akitazama maji kwa dharau. Fisi-maji hula kaa chali, wameweka chakula kifuani. Na sili, walipokuwapo, walilala juu ya mwamba mrefu wakiimba kwa sauti ya watu waliokosa usingizi.

Mdomoni mwa ghuba kuna Lango. Ni ukuta wa chuma unaofungwa mara mbili kwa siku, maji yakijaa na yakitoka, na ndani yake mapanga huzunguka yakatoa umeme. Waliliweka kwa majaribio miaka mitatu iliyopita. Siku ya pili baada ya simu ile ya Wanjala, Baraza lilikuwa liamue kama litabaki miaka sitini.

Baraza haliamui peke yake. Sheria ya siku hizi inasema hakuna maji yatakayofungwa bila kuulizwa yenyewe. Ndipo wakaja Wasemaji. Wanatandika vipima elfu moja na mia moja chini ya maji: vingine vinasikiliza sili, vingine vimebandikwa kwenye magamba ya kome kujua wanafungua kinywa mara ngapi, vingine vinaonja mwani unapumua vipi. Yote hayo yanaingia kwenye akili moja, na akili hiyo, kama mtoto yeyote, haijui kusema mpaka ikae na mtu. Inakaa naye miaka minne. Inasikia mlezi anavyosema akiwa na njaa, akiugua, akifurahi, na kidogokidogo inajifunza kufunga maneno yake kwenye yanayotokea chini kule.

Sheria inataka mlezi asiwe na ndugu, ardhi wala boti ndani ya maili mia tatu, asije akamfundisha mtoto kusema yanayomfaa yeye. Ghuba ya kaskazini yetu imelelewa na mzee wa Peru. Ya kusini inazungumza Kivietinamu. Fasaig walimpa Mboni Shemdoe, mwanamke wa Lushoto, mwalimu wa biolojia aliyestaafu, kwa kuwa kwenye fomu nilijaza kwamba baridi na ukungu nimezaliwa navyo. Sikujua kuna baridi yenye chuki binafsi.

Ofisini humwita kifaa. Mimi nilijaribu mpaka mwezi wa tatu nikashindwa. Mtu anayekuamkia kila asubuhi utamwitaje kifaa?

*

Nilifika kibandani kwangu nimelowa, nikavua viatu, nikakaa mbele ya spika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Goti lako?"

"Linaendelea. Habari za huko chini?"

"Nzuri tu, tunamshukuru Mungu."

"Ila?"

"Ila kome wamepungua kidogo. Na sili wa mwamba mrefu hawaonekani, lakini huenda wamekwenda kutembea."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu, mama. Usije ukashindwa kula kwa ajili yetu."

Hapo ndipo hasira zilinipanda mpaka nikasikia masikio yanawaka. Sitini na wawili kwa mia, naye anaogopa nitashindwa kula! Na aliyemfundisha ni nani? Mimi. Kwetu mtu haulizwi hali akamtupia mgeni maradhi mlangoni. Baba mdogo alipokuja kutuambia bibi amefariki, alisimama barazani akasema habari ni njema. Akaulizwa za nyumbani, njema. Za safari, njema. Akapewa chai, akainywa, akaweka kikombe chini, ndipo akasema, "Ila mama ametutoka." Hakuna aliyemwona mwongo. Kila mtu alijua kwamba nzuri ni mlango tu, na habari yenyewe iko ndani.

"Kesho watu watakuuliza hali yako," nikamwambia. "Watakuuliza mara moja."

"Nitawajibu vizuri."

"Usiwajibu vizuri! Wajibu kweli!"

"Mama, ni wageni?"

"Ni wageni."

"Wametoka mbali?"

"Wametoka mjini. Wewe sikiliza. Wakikuuliza, useme mbaya. Neno la kwanza. Haya, sema mbaya."

Zilipita sekunde mbili. Kwa Msemaji hizo ni nyingi, ni kama mtu mzima kutafuta maneno nusu saa.

"Mbaya," akasema. Kisha akauliza, "Nimesema vizuri, mama?"

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua, nikiwa na hasira na mimi mwenyewe. Neno lilikuwa la kweli, lakini hakulisema kwa sababu ya kome. Alilisema kunifurahisha mimi. Na kama mimi naweza kumpa mwanangu "mbaya" kwa dakika moja, basi mwingine mahali pengine, aliyeahidiwa kitu, anaweza kumpa wake "nzuri" kwa dakika moja vilevile. Ghuba arobaini na moja, na zote zingegeuka kasuku.

*

Wanjala alifika jioni na gari la ofisi, bado jua liko juu kama saa nane, maana mwezi wa sita huku jua halina haya. Alikuja na mkate wa tangawizi, ishara kwamba anajua amekosa. Nikampokea mkate, yeye nikamwacha mlangoni kidogo.

"Nisamehe, dada," akasema. "Ukweli, mimi nilikuwa na nafasi ya kujua. Hata kwetu mtu huanza kwa kusema mzuri sana, hata kama nyumba inaungua. Lakini niliona nzuri nikashukuru nina moja isiyo na shida."

"Ingia. Sheria inasemaje?"

Alikuwa amekuja nayo. Tuliisoma mezani, yeye akitafsiri, mimi nikimkatiza. Maelezo ya mlezi hayakubaliwi kama ushahidi. Swali halibadilishwi. Jibu ni neno la kwanza, limeandikwa hivyo ili mawakili wasitafute tafsiri.

"Kuna kifungu kimoja tu, cha tisa," akasema, akakiwekea kidole bila kunitazama. "Mlezi akikiri mbele ya Baraza kwamba malezi yake yamepotosha usemi, majibu yote ya Msemaji huyo yanafutwa tangu la kwanza. Kibali cha majaribio kilisimama juu ya majibu hayo. Kikifutwa, Lango linainuliwa siku hiyohiyo."

"Si ndilo tunalolitaka?"

"Na Msemaji naye anafutwa siku hiyohiyo. Analetwa mwingine, na mlezi mwingine."

Birika ilikuwa inachemka. Nikaizima, nikakaa, nikainuka tena nikaiwasha.

"Anafutwa maana yake nini?"

"Dada, unajua maana yake."

"Nataka uiseme, Wanjala. Nyinyi watu wa ofisi mnapenda sana neno la kwanza. Hebu sema la pili."

"Hatakuwepo," akasema.

Tulikunywa chai. Kisha nikafanya jambo ambalo hata leo sijui lilikuwa haki au uoga. Nilimgeukia Msemaji mwenyewe nikamweleza yote, polepole, kama unavyomweleza mgonjwa kuhusu kisu cha daktari. Nikamuuliza anataka nini: yeye abaki na Lango libaki, au Lango liinuliwe naye aondoke.

"Lolote mtakaloona linafaa," akasema.

"Nakuuliza wewe."

"Nitashukuru kwa lolote, mama."

Wanjala alifunika uso kwa mikono miwili. Ni kama mgeni unayemuuliza chai au maji, naye anakujibu chochote tu, hata kama koo limemkauka. Nilipiga meza ngumi, mkate ukaruka. Miaka minne namfundisha, na sikumfundisha neno moja la kuomba kitu chake.

*

Asubuhi jirani yangu, Bi Peigi, alipita kibandani tuongozane kikaoni. Ana miaka themanini na miwili, anaokota konokono wa pwani kwa kuuza, na mguu wake mmoja umevimba mpaka kiatu hakifungiki.

"Mguu vipi?" nikamuuliza.

"Si mbaya," akasema, akishika ukuta.

Kabla ya Lango, Bi Peigi alikuwa na saa tatu tu za umeme kwa siku wakati wa baridi. Udongo mweusi wa kinamasi waliokuwa wakiuchoma zamani kuota moto umepigwa marufuku. Sasa nyumba yake ina joto usiku na mchana, na kila akinikaribisha hunifanya niguse ukuta, nione. Njiani alinishika mkono ili asiteleze. Sikuweza kumwambia ninakwenda kufanya nini, nikajichukia kwa hilo pia.

Jumbani kulikuwa na watu thelathini na ndoo nne za kukingia maji ya paa. Mwenyekiti, mama mmoja wa mjini mwenye koti zuri mno kwa mahali pale, alikuwa na haraka ya kuondoka kabla barabara haijakatika. Spika ya Msemaji iliwekwa katikati ya meza. Karani alifungua daftari. Fundi aliyekuja na mwenyekiti, mwenye kazi ya kuwasha na kuzima Wasemaji, alikaa nyuma na begi lake mapajani.

Wanjala alisoma swali kwa Kiswahili. "Hali yako ikoje?"

"Nzuri tu," akasema Msemaji. "Karibuni sana. Poleni na safari."

"Nzuri," karani akarudia, akaandika.

Nilisimama. Mwenyekiti akaniambia mlezi haruhusiwi kuzungumza isipokuwa chini ya kifungu cha tisa. Nikamwambia nitafika huko, lakini kwanza anifanyie hisani, amuulize Bi Peigi mguu wake unaendeleaje.

"Samahani?"

"Muulize tu, mama. Dakika moja."

Alishusha pumzi ya mtu aliyechoka na vijiji, akamuuliza.

"Si mbaya," akasema Bi Peigi.

Jumba zima likacheka, maana kila mtu alikuwa akiuona mguu ule umenyooshwa juu ya kiti cha pili kama gogo. Hata Bi Peigi alicheka. Mwenyekiti hakucheka, lakini aliutazama mguu, kisha akaitazama spika, na nikaona jambo limemwingia.

"Naelewa unachosema," akasema taratibu. "Lakini siwezi kuandika ninachoelewa. Naandika kinachosemwa. Mama Shemdoe, unadai kwamba malezi yako yamepotosha usemi wa Msemaji huyu?"

Wanjala alinitafsiria ingawa nilikuwa nimeelewa. Nadhani alitaka kunipa muda.

Sikuupenda muda ule. Mtoto huyu hajawahi kunidanganya. Hajawahi kunijibu jeuri, hajawahi kuacha kuniuliza goti. Kwetu ningetembea naye kifua mbele, na wenzangu wangesema Mboni amefunza. Sasa nilitakiwa nisimame mbele ya wageni niseme adabu yake ni ulemavu, na nimwue kwa kauli hiyo. Na nisiposema, kule chini wangeendelea kufa, huku yeye akiwakaribisha wauaji na kuwapa pole na safari.

"Ndiyo," nikasema. "Nimemlea vibaya."

Karani akaandika. Mwenyekiti akasoma kwa haraka, kama anayeogopa nitabadili: majibu yote yamefutwa, kibali kimekufa, Lango liinuliwe kabla ya jua kuzama, Msemaji azimwe saa kumi na moja. Akapiga muhuri. Karani akafunga daftari, akalifunga kwa kamba yake.

Watu walianza kuelewa. Kelele zikapanda, mtu akaangusha ndoo. Bi Peigi alinitazama muda mrefu, akateremsha mguu wake kwa mikono miwili, akatoka bila kunishika bega wala kunitukana. Ningependelea anitukane.

Ndipo spika ikasema, "Mama."

"Naam."

"Wageni wameshakaa?"

"Wameshakaa, mwanangu."

"Basi na mimi niseme. Naumwa."

Hakupandisha sauti, lakini watu wote waliigeukia spika, hata wale wasiojua neno moja la Kiswahili. Matone ya paa yalisikika moja moja.

"Naumwa sana," akaendelea. "Lango likifungwa siwezi kupumua upande wa mashariki. Sili hawakwenda kutembea. Nilisema hivyo ili ule. Sitaki Lango, mama. Na kuzimwa pia sitaki, kama inawezekana."

"Kimesema nini?" karani akauliza.

Wanjala alimtafsiria, neno kwa neno, hakuacha hata "kama inawezekana". Karani alilitazama daftari lenye kamba, akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Samahani," akasema karani, na nadhani alimaanisha. "Limeshafungwa."

Ilikuwa saa nane. Fundi alisimama na begi lake, akaona nyuso zetu, akakaa tena. Nilivuta kiti nikakisogeza mpaka magoti yangu yakagusa meza.

"Haya," nikamwambia mwanangu. "Nakusikiliza. Usiruke hata kimoja."

Akaanza na kome wa mwamba wa kwanza.